Mtutu wa Tatu

Shemeji yangu hanisalimii. Huu ni mwaka wa tatu. Msikitini akiniona huhamia safu nyingine. Kwenye mazishi humpa mkono kila mtu, mmoja mmoja, na akinikaribia mimi anakumbuka ghafla kwamba ana simu ya kupiga. Simu yenyewe mara nyingi haina salio. Najua, kwa sababu mkewe ni dada yangu na ndiye anayeninong'oneza.

Chanzo ni jicho la kushoto la ngamia. Jicho hilo nililiharibu mimi, mchana, mbele ya watu, kwa bunduki ya rangi. Nimezeeka, na ninataka kitu kimoja tu kutoka kwa mtu huyu kabla mmoja wetu hajafukiwa: aseme amenisamehe. Naandika jinsi ilivyotokea, na sitajipamba.

Ukweli ni kwamba hatukupendana hata kabla ya jicho. Yeye hakusoma, alichunga ngamia tangu utoto huko Fafi. Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne nikawa karani katika ofisi ya mifugo. Mwaka mmoja ulikuja ugonjwa wa mbuzi, ikatoka amri kwamba mifugo isihamishwe. Alikuja dirishani kwangu kuomba kibali cha kupeleka mbuzi wake penye majani. Nilimnyima. Sheria ilikuwa upande wangu, lakini sikumnyima kwa ajili ya sheria peke yake. Nilifurahi kumwona amesimama nje kwenye jua, kofia mkononi, akiniita "bwana mkubwa". Mbuzi wengi walimfia. Hajasahau, na mimi sijasahau ile furaha.

Nilipostaafu, kamati ya soko la mifugo hapa Garissa ilinipa kazi ndogo. Daktari wa mifugo akija kuchanja ngamia, ni lazima kila aliyechanjwa atiwe alama, asije akachomwa sindano mara mbili. Tulikuwa tukitumia brashi na kopo la rangi. Yaani ngamia amekwisha kuchomwa, amekasirika, ameachiwa, halafu wewe umfuate tena na brashi. Wanaume wanne na kamba, matusi, mateke. Mwenzetu mmoja alivunjwa mkono. Hapo mtoto wa kaka yangu, fundi wa simu Nairobi, akaniambia kuna bunduki za mchezo zinazorusha gololi za rangi kwa nguvu ya hewa. Gololi ikigonga inapasuka, rangi inabaki, na rangi hiyo huoshwa na mvua ya kwanza.

"Adeer," aliniambia, yaani ami, "unasimama mbali, unamchapa tap, umemaliza."

Akaituma kwa basi. Tuliipaka yote rangi ya machungwa, mtu yeyote asije akaidhania ni silaha, tukaipeleka kituo cha polisi. Mkuu wa kituo aliifyatulia ukuta wake mwenyewe, akacheka mpaka akakohoa, kisha akatuandikia barua.

Mtu asiyejua soko letu angeuliza: shida iko wapi? Ngamia ni mnyama mkubwa, mpige tako umalize. Lakini hapa rangi ya tako ina maana yake. Mnunuzi wa nyama akishapatana na mwenye mnyama, humpaka rangi takoni, na huyo ni wa kichinjioni. Hakuna mfugaji atakayekubali ngamia wake wa maziwa arudi nyumbani na rangi takoni. Watu wangemuuliza njia nzima amemuuza kwa nani. Alama ya chanjo tuliizoea shingoni, chini kidogo ya chapa ya ukoo, ili mtu akiangalia ngamia ni wa nani aone hapo hapo kwamba amechanjwa. Na shingo ya ngamia ni nyembamba, haitulii, na juu yake kuna kichwa.

Ndiyo maana nikaingia katika mambo ya mitutu.

Mtutu uliokuja na bunduki ulikuwa mfupi kama kiganja na kidole. Nilichora shingo ya ngamia kwa makaa kwenye ukuta wa ua wangu, nikapima hatua ishirini. Gololi kumi, shingoni mbili. Nyingine zilitawanyika kama kuku. Mke wangu alitoka jikoni akaangalia ukuta, akaniangalia mimi.

"Mzee mzima," alisema. "Wajukuu wakifanya hivi unawachapa."

Nikaagiza mtutu wa pili, mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole, wenye vitundu karibu na mdomo. Ulikuwa na vipande vya ndani vya kubadilisha, kimoja chembamba, kimoja kipana, kwa sababu gololi hazilingani: siku ya baridi zinakaza, siku ya joto zinavimba. Huu ulikuwa mtutu mzuri. Gololi kumi, shingoni nane. Nikajiona mtu. Lakini nilikuwa nimeifungua hewa yote, na gololi ya kasi hiyo humuumiza mnyama. Nilijipiga mwenyewe pajani kujaribu, nikachechemea siku mbili. Nikapunguza hewa. Sasa haikuumiza, ila kwa hatua thelathini gololi ilikuwa ikichoka njiani na kuanguka mchangani.

Kijana wa Nairobi akanitafutia wa tatu. Haukuwa mtutu kamili, ni kichwa cha kupachika kwenye ncha ya ule mrefu, kimepinda kidogo juu na kina ngozi ya mpira ndani. Gololi ikipita inasuguliwa na ule mpira, inatoka ikizunguka kinyumenyume, na mzunguko huo unaibeba. Ilikuwa ajabu kuitazama. Hewa kidogo, mlio kama mtu anayetema mbegu, na gololi inaelea mpaka hatua arobaini bila kuanguka. Asubuhi tatu mfululizo nilipiga ukuta ule. Gololi kumi, shingoni tisa, asubuhi ya mwisho kumi.

Kijana alinionya kwa simu. "Adeer, kitu kimoja. Gololi ikipasukia ndani, usipige nyingine mpaka usafishe. Ile rangi ikikaa kwenye mpira, inayofuata inaenda popote. Na jua likiwaka sana zinapasuka ovyo. Umenisikia?"

"Nimekusikia," nilisema. Nilikuwa nimemsikia.

Siku ya chanjo ilikuwa kwenye silanga, lile shimo kubwa la maji ya mvua, upande wa njia ya Bura. Daktari alikuwa kijana kutoka bara, mtaratibu, mwenye kofia pana. Wazee wawili wa kamati walikuja kuona kama kifaa changu kinafaa kutumiwa soko zima. Ngamia wa kwanza kuletwa walikuwa wa shemeji. Mimi ndiye niliyeomba wawe wake. Niliiambia kamati ni kwa sababu ni ndugu, hatakataa. Nilitaka anione.

Tulipatana waje asubuhi. Alikuja jua likiwa utosini, polepole, fimbo mabegani, akijua kabisa kwamba nilikuwa nimemsubiri tangu alfajiri. Gololi zangu zilikuwa zimekaa juani katika mkebe wa plastiki muda wote huo. Nilipozishika zilikuwa laini kama tende.

"Bwana mkubwa," alisema. Bado aliniita hivyo. "Nimesikia umenunua bomba la kumpulizia ngamia."

"Ungekuja kwa wakati ungekuwa umeshaliona."

"Wakati wa ngamia ni wa ngamia. Umekaa ofisini sana wewe." Aliizunguka bunduki yangu kama mtu anayenunua mbuzi mgonjwa. "Utapiga wapi?"

"Shingo."

"Piga nundu."

Dada yangu alikuwa ameketi kivulini na birika lake. Aliinua kichwa. Na yeye alisema, "Aboowe, kaka yangu, nundu ni sawa. Nundu haina maana mbaya kwa mtu."

Nataka jambo hili lieleweke, kwa sababu watu wanaponitetea hulisahau. Shemeji yangu mwenyewe, mwenye ngamia, adui yangu, ndiye aliyesema nundu. Nundu ni pana, haina macho, haina chapa. Ule mtutu mfupi wa kwanza ungeipata. Nikipiga nundu, basi mtutu mrefu ulikuwa wa nini, na kile kichwa kilichopinda, na asubuhi zangu tatu ukutani? Nilimjibu, "Nundu hata wewe ungeipata."

Hapo akageukia Kiswahili. Sisi kwa sisi tunasema Kisomali. Kiswahili alikitoa makusudi, ili daktari asikie.

"Daktari! Hii mzee nasoma sana. Mimi naambia yeye biga nundu. Nundu nakubwa, hata mama yangu nabata, na yeye nakufa zamani. Yeye nataka shingo."

Daktari akacheka kwa adabu. Wazee wa kamati wakacheka bila adabu.

Nikaanza. Sitaki kudanganya, ilikwenda vizuri. Daktari na vijana wake wakichoma, wakiachia, ngamia akienda hatua thelathini nami nikifyatua. Doa la buluu shingoni, chini ya chapa. La pili. La tatu. Ngamia walitikisa ngozi tu kama wameguswa na nzi. Mzee mmoja wa kamati alisema, "Mashallah," na shemeji akatafuna kijiti chake cha mswaki kwa upande mwingine. Saba walipita hivyo. Sijawahi kuwa na furaha kama hiyo tangu ile ya dirishani, na ilikuwa furaha ya namna ile ile. Ningepaswa kuitambua.

Kwa wa nane, gololi ilipasukia ndani, naye akaenda zake bila doa. Nilisikia mlio mzito, na rangi ikachuruzika kwenye mdomo wa mtutu, buluu, nene, ikidondoka mchangani. Nikatoa kamba yangu ya kusafishia, ile yenye kitambaa mwishoni.

"Daktari, angalia!" Shemeji alikuwa amesimama juu ya tuta ili aonekane. "Bunduki nashikwa na mafua! Sasa nafutwa kamasi!"

Safari hii walicheka wote, hata wale vijana wenye kamba, hata dada yangu, akiwa ameziba mdomo kwa shela. Nilipitisha kitambaa mara moja. Kilitoka kimelowa. Ilifaa nikivue kile kichwa, nifute mpira kwa kidole, nipitishe tena na tena mpaka kitambaa kitoke kikavu. Nilikuwa nimefanya hivyo nyumbani mara nyingi. Ni kazi ya dakika mbili.

"Bole bole, mzee," alisema. "Ngamia nangoja. Sisi nalala hapa leo."

Nikaikunja kamba, nikaitia mfukoni.

Aliyefuata alikuwa yule mwenye kengele ya mti, anayeongoza wenzake. Alikuwa wa dada yangu hasa. Bibi yake ngamia huyu, mama wa mama yake, baba yetu alimpa dada siku alipoolewa, na katika ukame mmoja mbaya ukoo huo wa ngamia ndio uliowanywesha watoto wake maziwa. Alichomwa sindano, akaachiwa, akatembea taratibu, kengele ikigonga. Nikalenga shingo. Nikafyatua.

Gololi ilitoka vizuri, kisha ikapinda. Niliiona ikipanda na kuvuta kulia kama ndege aliyebadili nia. Ngamia alikuwa amegeuza kichwa kuangalia wenzake. Akalia. Sauti ile siwezi kuiandika. Alipiga magoti ya mbele, akainuka, akazunguka akitikisa kichwa, na buluu imemwagika nusu ya uso.

Hakuna aliyecheka. Daktari alikimbia na maji. Shemeji aliruka kutoka kwenye tuta, nikadhani ananijia mimi, nikashukuru, ningependa anipige. Alinipita kama mtu anayepita kisiki, akaenda kumshika ngamia shingoni, akimsemesha chini chini. Dada yangu alifika wa pili. Mimi nilibaki nimesimama na kile kidude cha rangi ya machungwa mkononi.

"Nilikwambia nundu," alisema hatimaye, kwa Kisomali, bila kunitazama. Ni maneno yake ya mwisho kwangu kwa miaka mitatu.

Daktari alijitahidi kwa dawa na vidonda vikapona, lakini jicho liligeuka jeupe, kisha likadidimia.

Kwa desturi yetu jicho la ngamia hulipwa. Wazee hukaa, hutaja malipo, mkosaji hutoa, aliyekosewa hupokea, na hapo ugomvi umekufa. Atakayeufufua ndiye mkosaji mpya. Nilikwenda mbele ya wazee kabla hawajaniita. Nilipeleka mtamba wa ngamia, mzuri, zaidi ya nilivyodaiwa. Nilisema: bunduki ni yangu, gololi zilikuwa zimevimba najua, mtutu ulikuwa mchafu najua, nundu niliikataa mimi. Wazee waliridhika. Wakamgeukia shemeji.

"Sipokei," alisema.

"Ni kidogo?"

"Ni mengi."

"Sasa kwa nini hupokei, walaal, ndugu yetu?"

"Nikipokea, itabidi nimsalimie."

Wakambembeleza mpaka adhuhuri. Mmoja alimtajia akhera, mwingine akamtajia watoto wake, ambao ni watoto wa dada yangu, wananiita abti, mjomba. Alisema tu, "Alininyima kibali wakati mbuzi wangu wanakufa, akasema ni sheria. Hii nayo ni sheria. Malipo hayapokelewi kwa kulazimishwa." Ilikuwa kweli. Hawawezi kumlazimisha mtu kupokea. Nilirudi nyumbani na mtamba wangu kwenye kamba, na kila niliyepishana naye alielewa.

Nilimwendea dada yangu. Nilimwambia, ngamia ni wako, pokea wewe.

"Ngamia ni wangu, na jicho mimi nimeshakuachia," alisema. "Hasira ni yake. Hiyo siwezi kukupokelea."

Kisha akaniuliza ile mitutu iko wapi. Nilikuwa nimeuza bunduki kwa watu wa Nairobi wenye uwanja wa michezo, lakini mtutu mrefu na kichwa chake nilibaki navyo kwenye kabati, sijui kwa nini. Akaniambia nimletee. Nilidhani atavitupa vyote. Alikitupa kile kichwa kilichopinda jalalani, na mtutu mrefu akaufanya bomba la kupulizia makaa. Anauweka mdomoni, anavuta pumzi, makaa yanashika. "Angalau huu sasa utachemsha chai," alisema. Shemeji alipojua, aliacha kunywa chai ya jiko hilo. Hunywa kwa jirani.

Mimi huenda kwao kila Ijumaa asubuhi kwa bodaboda, nashuka barabarani, natembea kipande kilichobaki. Ngamia wa maziwa hulala karibu na nyumba. Yule wa kengele sasa ukimjia upande wa kushoto bila yeye kujua anaruka na kupiga teke, na maziwa yanakatika siku nzima. Dada alinifundisha nikohoe tokea mbali ili ajue mtu anakuja. Basi nakohoa. Ngamia anageuza kichwa chote kunitafuta kwa jicho la kulia. Na shemeji naye husikia kikohozi hicho hicho, hujitwika fimbo na kuondoka kwa nyuma ya uzio. Ninapofika nakuta kigoda chake kina joto.

Ijumaa iliyopita sikukohoa. Nilizunguka mbali, nikaja upande wa kulia, upande wa jicho zima, polepole, ngamia ananiona. Shemeji alikuwa amenipa mgongo. Alikuwa akikamua: mguu mmoja chini, wa pili ameukunja juu ya goti, chombo kimekaa pajani, mikono yote miwili kazini. Kila mfugaji anajua saa hiyo mtu haondoki. Ngamia huteremsha maziwa kwa muda mfupi tu, na ukimwacha katikati anayafunga. Ameshikwa hapo kama aliyefungwa kamba.

Nilijua ninachofanya. Nilikuwa nimemvizia.

"Assalamu alaykum," nilisema.

Mikono haikusimama. Maziwa yaliendelea kupiga povu. Salamu ya Mwislamu ni lazima kuijibu, na aliijibu, kwa midomo tu, sidhani sauti ilimtoka.

Nikasema yote. Nilisema jicho, nikasema nundu, nikasema kitambaa nilichokipitisha mara moja wakati nilijua inatakiwa zaidi. Nikarudi nyuma mpaka kwenye dirisha la ofisi, nikasema nilifurahi siku ile, jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu, hata mke wangu. Nilisema sisi ni wazee na sitaki kukutana naye mbele ya Mungu jambo hili likiwa bado. Alikamua mpaka tone la mwisho. Akashusha mguu. Akafunika chombo. Alipogeuka nilimwona uso kwa uso kwa mara ya kwanza tangu silanga, na amezeeka vibaya, kama mimi.

"Umemaliza?" alisema.

"Nimemaliza."

"Umesimama mahali anapokuona. Hilo umejifunza."

"Umenisamehe?"

Alimpitishia ngamia kiganja usoni, kwenye shimo la jicho, akafuta matongo kwa kidole gumba kama anavyofutwa mtoto. Kisha akachukua fimbo yake ukutani.

"Siku nyingine kohoa," alisema, akapita nyuma ya uzio.

Dada yangu alikuwa mlangoni na ule mtutu mkononi, makaa yanawaka nyuma yake. Alinimiminia chai, nikainywa. Ijumaa ijayo nitakohoa.